Mama Povu na Msumari wa Kwanza

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo. Leo sianzi na muziki. Fundi mitambo wangu hapa pembeni amenitolea macho, maana miaka yote kipindi hiki huanza na muziki. Mwacheni atoe. Nina neno limenikaa kooni miaka kumi na mmoja, na muziki ukianza nitapata kisingizio cha kulimeza tena.

Jumanne asubuhi ametutoka dobi wa mtaa wetu, Mama Povu. Tulimzika juzi, Alhamisi. Alikuwa na miaka sitini na saba. Ameacha mdogo wake wa kike, ameacha mwanawe mmoja ambaye ni dereva wa lori, na ameacha ukuta wenye misumari kumi na minne. Shikeni hesabu hiyo, wasikilizaji. Misumari kumi na minne. Kipindi cha leo ni cha ukuta huo.

Kwa asiyemjua, Mama Povu alikuwa mwanamke mfupi mwenye mikono ya mtu wa miraba minne. Ncha za vidole vyake zilikuwa nyeupe kwa maji, zimekunjamana hata siku za sikukuu. Alikuwa na chumba kimoja na ua. Uani palikuwa na mabeseni manne, karai la maji ya bluu, kamba tano na pasi ya mkaa. Alianza kufua ana miaka kumi na tisa. Hakuacha mpaka kifua kilipomlaza mwaka huu.

Na maneno alikuwa nayo! "Mtu mwongo utamjua kwenye kola," alizoea kusema. "Uso atanawa, kola ataisahau." Mimi nilikuwa mteja wake. Siku moja nilisahau karatasi za kipindi mfukoni mwa shati. Akanirudishia donge jeupe kiganjani. "Shika, mtangazaji. Leo habari zako hazina hata neno moja chafu." Ua mzima ulicheka, nami nikacheka, ingawa kipindi kilikuwa baada ya nusu saa na sikuwa na la kusoma.

Sasa sikilizeni misumari ilivyoanza.

Miaka kumi na minne iliyopita, alasiri moja, Mama Povu anaanua nguo. Anakuta shati la shule la mtoto wa mteja limeanikwa kwa mabega. Akasimama. Dobi wa kweli haaniki shati kwa mabega. Shati huanikwa kichwa chini, kola ielekee ardhini, vibanio vishike pindo, ili alama za vibanio zifichwe ndani ya sketi au suruali. Yeye hakuwahi kukosea hilo tangu aanze kazi. Akalitazama tena. Kwenye mkono wa kulia pana vumbi jeupe. Akalinusa. Chaki.

Kesho yake ikawa vilevile. Sare nzima, shati na sketi, imehama kamba na kurudi. Siku ya tatu akajibanza nyuma ya shuka lililoanikwa, akangoja. Akaja msichana wa miaka kama saba, miguu mitupu, ndani ya sare ya watu. Akaivua, akavaa gauni lake lililochanika, akaanza kuhangaika na vibanio.

Mdogo wake Mama Povu alinisimulia haya kwenye msiba. "Dada angeweza kupiga yowe la mwizi," alisema. "Na wewe unajua, shemeji, mtaani ukiita mwizi kinachofuata. Lakini dada alitoka taratibu tu, akamwambia yule mtoto, 'Ukiazima, rudisha kichwa chini.' Akamshika mikono, akamwonyesha."

Ukiazima, rudisha kichwa chini. Hilo ndilo neno la kwanza alilomwambia. Lishikeni na hilo.

Kumbe mtoto alikuwa hana kwao. Mama amefariki, mengine hakusema, wala Mama Povu hakumlazimisha. Kila asubuhi alipita hapo akielekea kuokota chupa, anaona sare kwenye kamba, anasikia kengele ya shule ng'ambo ya barabara. Siku moja akaunganisha mambo mawili. Akaingia darasani, akakaa nyuma kabisa. Darasa lina watoto tisini. Mwenye sare ni mwanafunzi, asiye na sare ni mtoro. Nani angemjua?

Mama Povu akamwita Chaki. Fundi cherehani wa jirani akamshonea sare kwa vipande vilivyobaki. Na kwa kuwa sare hiyo isingedumu kwa anayelala nje, Mama Povu akapigilia msumari ukutani, chini ya paa la bati, akatundika mfuko wa kitambaa. Huo ndio msumari wa kwanza. Mpango ukawa huu: saa kumi na mbili asubuhi Chaki anakuja, anaoga, anavaa, anakunywa chai, anakwenda shule. Mchana anarudi, anavua, anafanya hesabu zake juu ya beseni lililofunikwa. Sare inabaki. Inafuliwa, inapigwa pasi, inangoja.

Chaki akamleta mwenzake. Mwenzake akawaleta wawili. Msumari wa pili, wa tano, wa tisa. Kinyozi wa kona akaanza kuja kila Jumamosi na mashine yake, ananyoa vichwa bure huku akilalamika kwamba mkono unamuuma. Mwalimu mkuu akaja kuona wanafunzi wake wapya wanatoka wapi. Alisimama pale uani, akatazama misumari, akatoa daftari, akasema, "Mama, nahitaji mzazi wa kutia sahihi." Mama Povu akafuta mikono kwenye kanga akatia sahihi. Katika miaka mitatu alitia sahihi mara kumi na nne.

Mwanawe, yule dereva, wakati huo alikuwa kijana wa miaka kumi na sita. Anakiri mwenyewe. "Nilikuwa na wivu, anko. Nilimwambia, mama, hawa watoto wananuka. Akanisukumia beseni na kipande cha sabuni. Akasema, 'Basi itoe hiyo harufu.' Nikafua mashati kumi na manne. Sikusema tena."

Mtaniuliza, kwa nini asiwalaze kabisa? Nami nilimuuliza. "Chumba changu ni kimoja," alijibu, "na mwenye nyumba ana macho manne. Kaniambia waziwazi, mtoto mmoja akilala hapa, sote tunahama. Lakini nguo hazikoromi. Nguo nazilaza mimi."

Na alikuwa na sheria moja pale uani. Moja tu. Mtoto haulizwi analala wapi. "Pahali anapolala mtoto asiye na nyumba ni siri yake," alisema. "Siku wakubwa wakipajua ndiyo siku anayofukuzwa. Akitaka kusema atasema mwenyewe."

Sasa naingia mimi.

Wasikilizaji wapendwa, miaka kumi na mmoja iliyopita nilikuwa na miaka thelathini na mbili na kichwa kikubwa kuliko kofia yangu. Nikaomba kutangaza moja kwa moja kutoka uani kwa Mama Povu. Nia yangu ilikuwa njema. Nasema ilikuwa njema, na mnisamehe kwa kulisema, maana ndilo neno la kwanza la kila aliyeharibu kitu. Mama Povu alisita siku tatu. Kisha akasema, "Njoo. Waulize shule, waulize hesabu, waulize mpira. Lile moja usiwaulize."

Nikasema, "Nimekuelewa, mama."

Asubuhi hiyo mambo yalikwenda vizuri mno. Watoto wananiita Mjomba Redio. Kinyozi anasimulia vichekesho. Chaki, sasa ana miaka kumi, ananitajia jedwali la kumi na tatu bila kukwama, na mimi mwenyewe silijui. Zikabaki dakika tatu. Nikajiona nina kipindi kizuri, ila hakijaliza mtu. Nilitaka mtu alie jikoni kwake. Huo ndio ukweli, siupambi. Nikamsogezea Chaki kipaza sauti, nikalainisha sauti kama hivi ninavyoilainisha, nikamuuliza, "Na usiku, mwanangu, unalala wapi?"

Chaki alimtazama Mama Povu. Mama Povu alikuwa amesimama na shati linalochuruzika maji mikononi. Hakuweza kusema kitu, tuko hewani. Na pale uani watoto walifundishwa kwamba mkubwa akiuliza, ajibiwe kwa adabu.

Chaki akajibu kwa adabu. "Nyuma ya kiwanda cha mikate, mjomba. Ule ukuta wa tanuri una joto. Tuko tisa."

Wazee walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi sikujikwaa. Nilikwenda kwa miguu yangu.

Simu zikamiminika. Watu walilia, kama nilivyotaka. Kesho yake wakaleta magunia ya nguo: makoti, suti, gauni la harusi, jamani, na kiatu kimoja cha kushoto. Hakuna aliyeleta ukuta wenye joto. Na siku ya tatu mwenye kiwanda, aliyeona aibu kutajwa redioni, akazungushia waya nyuma ya ule ukuta, akamwaga vipande vya chupa, akaweka mlinzi. Yalikuwa majira ya mvua. Watoto tisa wakakosa pale palipowapa joto.

Wanane walirudi kwenye misumari yao, mmoja mmoja, wamelowa. Walimkuta Chaki uani, na watoto ni watoto. Wakamwambia, "Mdomo wako ndio uliotufukuza." Aliyesema hivyo leo ni mchomeleaji, ana watoto wawili. Juzi makaburini alinishika mkono akasema, "Kaka, nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nilisikia baridi. Sikujua kuwa atalibeba." Alisema hivyo akilia, na maneno yale yalinistahili mimi, ila yeye aliyapeleka kwa mtoto.

Siku iliyofuata Mama Povu alirudi kutoka kuchota maji. Akakuta shati na sketi ya msumari wa kwanza kwenye kamba, vimefuliwa, vinatona. Shati limeanikwa kichwa chini, kola ardhini, vibanio kwenye pindo. Halina kosa hata moja. Chaki hayupo.

Ukiazima, rudisha kichwa chini. Mtoto alirudisha alichodhani aliazimwa.

Mama Povu alifunga ua siku tatu, jambo ambalo hakulifanya hata mumewe alipofariki. Alizunguka sokoni, stendi, majalalani. Kinyozi alifunga duka, akazunguka naye. Mwalimu mkuu aliuliza shule za jirani. Hakuna.

Baada ya wiki moja alikuja hapa kituoni. Hakuwa na desturi ya kuleta nguo kwa mteja, lakini siku hiyo alileta mashati yangu, yamepigwa pasi. Tulisimama pale getini. Nilijua atanigombeza, na laiti angenigombeza.

"Sikuja kugombana," alisema. "Mtoto ameamini kwamba amewaponza wenzake. Popote alipo atasikia redio, kinyozini, dukani, mahali. Doa hutolewa palepale lilipoingia, mtangazaji. Limeingia redioni. Kaseme maneno haya: mtoto hakukosea, aliyekosea ni aliyeuliza. Basi. Wala usiongeze chumvi."

Nikasema, "Wiki ijayo, mama."

Wiki iliyofuata kile kipindi kikapewa cheti. Kipindi bora cha mwaka! Mkubwa wangu wa kazi akanipa mkono mbele ya watu. Ningewezaje kusema hewani kwamba kipindi bora kilimpoteza mtoto? Nikasema nitangoja kidogo. Leo, kesho. Leo, kesho. Ngoja ngoja huumiza matumbo, ila tumbo lililoumia halikuwa langu.

Kila nilipopeleka nguo aliniuliza neno moja. "Umesema?"

"Bado, mama."

"Haya. Mashati Alhamisi."

Hakununa wala hakunipandishia bei. Alifua mashati yangu meupe kama ya wengine wote. Aliniuliza hivyo mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mwaka wa nne akaacha kuuliza. Wasikilizaji wapendwa, hakuna kilichoniuma kama kuacha kwake. Nikaanza kutuma mtu kupeleka nguo. Mimi, ninayewaambia kila asubuhi jitokezeni, semeni kweli, nilikuwa namkwepa dobi.

Mtu wangu ndiye aliyeniletea habari za mara kwa mara. Watoto wanakua, mifuko inashuka ukutani, mingine inapanda. Lakini ule wa msumari wa kwanza haukushuka. Na kila Jumamosi Mama Povu aliitoa sare ya Chaki, sare safi isiyovaliwa na mtu, akaifua, akaianika, akaipiga pasi, akairudisha. Kila Jumamosi kwa miaka kumi na mmoja. Wateja walimwambia, mama, nguo hii ni safi. Aliwajibu, "Safi ya wiki iliyopita si safi. Akija leo je?"

Mwezi uliopita niliambiwa kifua kimembana. Nikasema nitakwenda Jumapili. Jumapili ikaja na mambo yake. Nikasema Jumapili nyingine. Jumanne saa mbili na nusu asubuhi nilipigiwa simu nikiwa hapahapa kwenye kiti hiki. Nilimaliza kipindi. Niliwatakia asubuhi njema. Labda mlisikia sauti imebadilika, labda hamkusikia, maana sisi watu wa redio tumefundishwa kuficha.

Leo ni Jumamosi. Kabla ya kuja hapa nimepita uani. Mdogo wake Mama Povu alikuwa amekaa kwenye kigoda, mabeseni yamepangwa. Hakuniambia karibu. Alinyanyuka, akautoa mfuko wa msumari wa kwanza, akatoa shati na sketi, akanisukumia beseni na kipande cha sabuni. Nikakunja mikono ya shati langu, nikafua. Ni nguo ndogo sana, wasikilizaji. Shati la mtoto wa miaka kumi. Mkono wake mmoja ni urefu wa kiganja changu na kidogo juu. Nikasuuza, nikakamua, nikaanika.

Akanitazama. Akasema, "Kichwa chini, shemeji."

Nikalianua, nikaligeuza.

Sasa hivi linakauka kule. Nami nimekuja kufanya nilichotumwa. Cheti kile nimekishusha leo, kiko sakafuni, kimegeukia ukuta.

Chaki. Sasa una miaka ishirini na mmoja. Kama unasikia, au kama anasikia mtu anayemjua msichana aliyeitwa Chaki, amwambie. Mtoto hakukosea. Aliyekosea ni aliyeuliza. Narudia. Mtoto hakukosea. Aliyekosea ni aliyeuliza, na aliyeuliza ni mimi, nami nilikatazwa kuuliza. Wenzako wanane wote walikuwa makaburini juzi, na kila mmoja amenituma nikwambie pole. Sare yako haikuazimwa, Chaki. Ilikuwa yako. Haitakutosha tena, lakini msumari uko palepale. Na nakuahidi, hakuna mtu atakayekuuliza unalala wapi.

Kwa mdogo wake Mama Povu, kwa mwanawe aliyeko njiani na lori leo, na kwa watoto wote aliowatilia sahihi: poleni sana. Mungu awape subira. Sisi mtaa mzima tumefiwa, lakini nyinyi ndio mliofiwa zaidi.

Na sisi tuliobaki, tujiulize kitu kimoja tukiwa tumekaa na vikombe vyetu vya chai. Tunapomwendea mtoto asiye na pa kulala, tunakwenda kumpa kitu, au tunakwenda kuchukua hadithi? Mimi nilikwenda kuchukua. Ua haujafungwa. Mdogo wake anaendelea, kinyozi bado anakuja Jumamosi na bado analalamika mkono. Panahitajika sabuni na watu wa kufua. Mkienda, nendeni na mikono. Maswali yaacheni nyumbani.

Wasikilizaji wapendwa, alinikuta getini akanipa maneno machache tu, na niliyabeba miaka kumi na mmoja kama mzigo wa jirani. Aliniuliza mpaka akachoka kuuliza. Namjibu sasa, nikijua amekwisha kwenda.

Nimesema, mama.